Kwa Meja Hodi, Baba Yetu

Mwaka umezunguka, Baba, tangu jioni ile ambapo hodi iliyokuja mlangoni kwetu haikuwa yako. Tunakuandikia hapa gazetini, mbele za watu, kwa sababu huna anwani nyingine, na kwa sababu Mama ametuagiza. Wanaosoma na wasome. Wengi walikujua, na wasiokujua watakujua leo.

Jina lako halisi watu wa kazini walikuwa wameshalisahau. Walikuita Meja Hodi. Walianza makuruta kwa kejeli, wakafuata wengine kwa mazoea, hadi jenerali mwenyewe akawa anaulizia, "Meja Hodi hajambo?" Uliongoza kituo cha mapokezi ya wakimbizi kwa miaka mingi, ukapewa nishani kwa kazi hiyo, ukastaafu. Na hata ulipostaafu ulikuwa unaamka asubuhi unaoga, unakwenda huko huko, eti kuchungulia tu. Mama akikuuliza, "Kuchungulia gani huko kunakomaliza siku nzima?" wewe unacheka, unatafuta kofia.

Kituo chenyewe kilikuwa ghala la zamani, paa la bati na sakafu ya saruji. Mliligawa vyumba kwa maturubai yaliyoning'inizwa kwenye kamba. Kila familia iliyofika ilipewa chumba chake, mikeka, mablanketi, ndoo, na turubai moja mbele kuwa mlango. Amri yako ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna askari, daktari wala mgeni wa heshima atakayeinua turubai la mtu kabla hajapiga hodi na kuitikiwa. Asipoitikiwa, ageuke aende zake.

Makuruta walicheka hadi mbavu zikawauma. Sajini wako, yule mnene mwenye sauti ya kutikisa bati, alikuuliza mbele yao, "Afande, turubai nalo linapigiwa hodi?"

Ukamjibu polepole, kama kawaida yako. "Sajini, mlango wa mwisho wa mama aliyemo humu uliangushwa kwa teke na mtu aliyevaa buti kama zako. Sasa wewe utaingiaje?"

Hakuna aliyecheka tena. Sajini mwenyewe alitusimulia haya msibani huku machozi yakimtiririka, na tunasikia siku hizi ndiye mkali kuliko ulivyokuwa wewe. Kuruta akijisahau, anarudishwa getini aanze safari upya.

Kulikuwa na mama mmoja uliyekuwa ukimtaja sana mezani, ila jina lake hukutuambia, maana ulisema jina la mtu ni mali yake. Alifika peke yake. Akaingia nyuma ya turubai la mwisho, lile la ukutani, na hakutoka. Kila asubuhi ulisimama nje ukapiga hodi. Kimya. Unangoja. Kimya. Mwisho unasema, "Haya mama, sina haraka. Nitapita tena kesho." Unaweka chini maji na kipande cha sabuni, unaondoka.

Daktari alikusihi uingie tu, kwamba unambembeleza mtu atakayekufia mikononi. Ulikataa, lakini ulikuwa ukirudi nyumbani umekunja uso, unamwuliza Mama, "Hivi nakosea?"

"Chakula mkimwachia, anachukua?"

"Anachukua."

"Basi anakusikia. Endelea."

Ndivyo mlivyoliendesha lile ghala, Baba, wewe kule na Mama jikoni, ingawa nishani ilikuwa moja.

Siku ile yule mama alipoitikia, ulirudi mapema, ukasimama nje ukapaza hodi hadi jirani akatoka kuangalia kuna nini. "Ameitikia!" ukamwambia Mama. "Amesema karibu!" Mama akauliza, na kisha? "Basi. Nimeingia, nimekaa, nimetoka." Mama alicheka, kwa sababu ulikuwa umefurahi kama mtu aliyepata mtoto. Baadaye yule mama aliomba sindano na uzi, akashona maturubai yote ya kituo yaliyokuwa yamechanika. Ukawa unamwita Fundi.

Ugonjwa huu wa hodi uliuleta na nyumbani. Wewe nawe, Baba! Una ufunguo mfukoni, nyumba ni yako, umeijenga kwa jasho lako, halafu unasimama nje unapiga hodi. Mama akisema, "Ingia bwana, kwani nyumba si yako?" unajibu, "Yangu ndiyo. Lakini wewe ndiye uliyemo."

Nasi wanao tuliutumia vibaya sana udhaifu huo. Ukija kutuamsha twende shule, unapiga hodi mlangoni kwetu, tunakaa kimya kama hatumo. Kitinda mimba wako alikuwa mbaya zaidi, alikuwa anaitikia, "Nani mwenzangu?" na wewe unajitambulisha! Unasimama pale na saa yako mkononi mpaka Mama anakuja na mwiko, na Mama hakuwa mtu wa hodi.

Unakumbuka siku ya mvua? Mama alikuwa na homa, amelala usingizi mzito. Ukapiga hodi, hukuitikiwa, ukabaki pale kizingitini umelowa chapachapa. Jirani wa mbele akakuona dirishani. "Meja, umefungiwa nje?" Ukamjibu, "Hapana, nangoja kukaribishwa." Kabla mvua haijakatika mtaa mzima ulishajua kwamba Meja kafukuzwa na mkewe. Mama alipoamka akakukuta umesimama, maji yanachuruzika kwenye pua, alikufuta kichwa kwa taulo huku anakusema. "Mwanamume mzima! Ufunguo mfukoni! Ungekufa je?" Alimnunia yule jirani mwezi mzima. Lakini tangu siku hiyo, ikifika jioni, alikuwa anavuta kiti chake anakiweka karibu na mlango, ili usingoje tena. Akisikia buti zako kwenye kokoto anatabasamu peke yake. "Hodi!" "Karibu, Meja, umechelewa." Hata ukiwahi, alisema umechelewa.

Na siku ya nishani je? Wengine wanaikumbuka kwa bendi na hotuba. Sisi tunaikumbuka kwa viatu vipya vya Mama vilivyokuwa vinambana, na kwa ulichokifanya. Jina lako likasomwa kwenye kipaza sauti, ukatembea kwa mwendo wa gwaride, kifua mbele, ukafika chini ya ngazi za jukwaa. Ukasimama. Ukasema, "Hodi!"

Uwanja mzima kimya. Jenerali akamtazama msaidizi wake, msaidizi akapekua ratiba, hodi haimo. Na wewe umesimama wima, unangoja. Mama akashika shavu. "Mungu wangu, mtu huyu ataniua kwa aibu." Kisha akaona hakuna wa kukuokoa, akainuka na viatu vyake vya kubana, akaita kwa sauti, "Karibu, Meja!"

Watu walicheka hadi kofia zikaanguka. Ukapanda. Jenerali alipokuwa anakubandika nishani akakuuliza kwa sauti ya chini, "Nani anaamuru hapa, mimi au yule mama?" Ukamjibu, "Yule, afande." Nishani yenyewe uliifikisha nyumbani ukaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, pamoja na mwavuli. Bado ipo hapo.

Sasa tuje kwenye jioni ile. Tumekuwa tukiizungukazunguka, lakini Mama amesema isemwe.

Ulikuwa umekwenda kuchungulia. Familia mpya ilikuwa imeingia, ukavuta kigoda ukakaa nje ya turubai lao, ukapiga hodi. Ndani walisema karibu. Wewe hukuinuka. Watu walipita wakakuona umekaa, kichwa kimeinama, kofia gotini, na hakuna aliyeshtuka, maana miaka yote walikuwa wamezoea kukuona umekaa hivyo unangoja kuitikiwa. Ilichukua muda kabla Sajini hajakusemesha. Moyo ulikuwa umesimama. Sajini hajajisamehe mpaka leo, nasi tunamwambia hapa mbele za watu, mzee, achana na hilo. Wote tungekosea hivyo hivyo.

Nyumbani Mama alikuwa kwenye kiti chake. Maji yako ya kuoga yameshapata moto. Akasikia buti kwenye kokoto, akasikia, "Hodi." Akaitikia kwa raha zake, akicheka, "Karibu, Meja, umechelewa!" Mlango ukafunguliwa. Akaingia Sajini na ofisa mmoja, kofia mikononi.

Wiki za msiba nyumba ilijaa, mlango uko wazi, watu wanaingia na kutoka, hakuna anayepiga hodi kwa mtu. Walipotawanyika ndipo nyumba ikanyamaza, nasi tukarudi makwetu, kila mtu na ufunguo wake. Hatukujua kilichokuwa kinaendelea. Tukipiga simu, Mama anasema hajambo. Tukienda, tunajifungulia tunaingia, tunakuta kiti chake kiko pale pale karibu na mlango, redio imezimwa. Vikombe viwili vimeoshwa, anakunywa kwa kimoja.

Binti yako wa kati ndiye aliyegundua. Siku hiyo alikuwa chumbani anakunja nguo, akasikia jirani wa mbele anapiga hodi, mara ya kwanza, mara ya pili, na Mama yupo hatua chache kutoka mlangoni. Kimya. Binti yako akachungulia. Akamwona Mama amefungua kinywa, shingo imekaza, sauti haitoki. Hatua za jirani zikaondoka kwenye kokoto.

"Mama, si useme karibu?"

"Nikisema itaingia."

"Nini?"

Mama akavuta pumzi. "Siku ile niliikaribisha mwenyewe, mwanangu. Kwa kicheko. Nikasema na umechelewa."

Binti yako alikaa chini sakafuni, akaegemea magoti ya mama yake, wakakaa hivyo mpaka giza likaingia.

Basi ndivyo ilivyokuwa, Baba. Kila aliyekuja akapiga hodi aliondoka bila kujibiwa. Wanawake wa mtaani waliacha kuja mmoja mmoja. Dada yako alisafiri kutwa nzima kwenye basi, akasimama mlangoni na mizigo, akaondoka amenuna. "Wifi yangu ananifungia mlango, na mimi simdai kitu!" Sajini alikuja mara nyingi. Mama aliwasikia wote. Alikuwa anawataja kwa majina yao jioni tukimpigia, kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu waliofariki. Upweke wake haukuwa wa kukosa watu. Watu walikuwa hapo nje, upande wa pili wa ubao wa mlango.

Kifungua mimba wako akaamua kijeshi, maana ni wewe mtupu. Akasema mwaka ukitimia na Mama bado anajifungia, nyumba itafungwa na Mama atahamia kwake mjini. "Kwangu hakuna hodi, Mama. Kuna kengele ya umeme."

"Na baba yenu akija apige kengele?" Mama akacheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo. Hakutaka kuhama. Ndani ya nyumba ile ndimo ulimokuwa ukimkuta. Lakini na sisi tungefanyaje? Tulikuwa tunamwona anapungua, nguo zinamkaa kama za mtu mwingine.

Miezi ikaenda. Kisha alasiri moja ikaja hodi ya sauti asiyoijua, ya mwanamke, na lafudhi ya mbali. Mama akakaa kimya kama kawaida, akangoja hatua ziondoke. Hazikuondoka. Mtu yule alisimama tu. Mwisho akasema, "Haya mama, sina haraka. Nitapita tena kesho."

Mama aliinua kichwa. Alipokuja kufungua, kizingitini kulikuwa na kipande cha sabuni, kimefungwa kwenye kitambaa kilichopindwa vizuri kingoni.

Kesho yake ikaja tena. Na kesho kutwa. Hodi, kimya, kungoja, maneno yale yale, sabuni. Mama akampigia simu binti yako. "Kuna mtu ananiletea sabuni."

"Nani?"

"Sijui. Anaongea kama baba yako."

Binti yako aliacha kazi mezani akapanda gari mbio, akijua sasa Mama amechanganyikiwa. Akamkuta amechana nywele. Amekaa kwenye kiti, mikono magotini, anasikiliza. Na hodi ikaja. Binti yako akatokea mlango wa nyuma, akazunguka, akamkuta mama wa makamo amesimama, tepu ya kupimia nguo inaning'inia shingoni.

"Samahani, mama. Wewe ni nani wetu?"

"Mimi ni yule wa turubai la mwisho," akasema. "Nilisikia kwa Sajini kwamba hapa haitikiwi mtu."

Binti yako akamshika mkono amwingize. Fundi akautoa mkono wake kwa upole. "Bado hajaniitikia, mwanangu. Meja aliningoja mimi siku nyingi kuliko hizi."

Jioni hiyo Mama aliambiwa ni nani. Alikwenda akasimama mbele ya ile nishani yako na mwavuli, akakaa hapo kitambo, akarudi kwenye kiti.

Siku iliyofuata mvua ilikuwa inanyesha. Fundi akaja vile vile. Hodi. Mama akafungua kinywa, shingo ikakaza. Binti yako alikuwa nyuma yake, amejikaza asimsaidie. Mvua inapiga bati. Nje sauti ikasema, "Haya mama, sina..."

"Karibu."

Ilitoka imekwaruza, Baba, hata jirani asingeisikia. Lakini ilitoka. Na mlango haukufunguka. Mama akangoja. Akainuka, akaufungua mwenyewe, akamkuta Fundi amelowa chapachapa, amejifunika uso kwa viganja viwili, mabega yanamtetemeka. Mama akamtazama juu mpaka chini.

"Nimesema karibu. Nawe unataka kuniletea vituko vya mvua kama vya yule bwana?"

Akachukua taulo akamfuta kichwa, na binti yako akawaachia nyumba, akarudi kwake.

Tulipompigia simu usiku ule, wote watatu tunazungumza kwa mpigo, tukamwuliza ikawaje. Akasema, "Basi. Ameingia, amekaa, ametoka." Kila mtu na simu yake sikioni, tukakulilia upya.

Tusikudanganye, Baba. Upweke haujatoka. Jioni bado ni ndefu, na buti zikipita barabarani Mama bado anageuza shingo. Kuna hodi zinazomshinda mpaka leo. Anasema sauti inachelewa njiani. Lakini kifungua mimba wako ameitazama kalenda, mwaka umetimia, na hajataja tena kuhama. Wala hatathubutu.

Na sasa agizo la Mama, lililotufanya tuandike. Nyote mliokuja mkapiga hodi mkaondoka bila kuitikiwa, anawaomba mje tena. Wewe jirani wa mbele, ugomvi wa mvua umekwisha. Wewe wifi yake, rudi na mizigo yako, chumba chako kimefagiliwa. Wewe Sajini, njoo, na uvae buti zako hizo hizo, anataka kuzisikia. Wanawake wa mtaani, watu wa ghalani, wa zamani na mlioingia juzi, njooni Jumamosi hii alasiri, au siku yoyote. Pigeni hodi. Msiondoke haraka. Kiti chake kiko pale pale.

Wanaokukumbuka ni mkeo, kifungua mimba wako na mkewe, binti yako wa kati, aliyeandika haya, kitinda mimba wako, ambaye siku hizi anapiga hodi hata bafuni, wajukuu zako, wanaocheza mchezo wa Meja na turubai kwa kutumia shuka za Mama, dada yako, Sajini na askari wote uliowafundisha, na Fundi, ambaye sasa tunamwita mama mdogo.

Hutatutoka moyoni maisha yetu yote, Baba.

Mama ameomba mstari wa mwisho uwe wake. Anasema siku yake ya kuja huko uliko ikifika, hataingia hivi hivi. Atasimama nje atapiga hodi, atangoja. Vuta kiti ukae hapo mlangoni, Meja. Usimwache mvuani.